Maswali yenu: ukitia umeme kwenye maji ya bahari

Jamani maswali ya mara hii yamenishangaza, karibu yote yanazunguka kitu kimoja, umeme na maji ya bahari, sijui mmeambizana au vipi. Bas nimeyaweka pamoja, salamu ndefu ndefu nimezikata na majina sijaweka. Ila kabla hatujaanza shikeni hili maana litarudi rudi: waya wa negativu na waya wa pozitivu kila mmoja una kazi yake, na vituko karibu vyote mnavyoniandikia, harufu, rangi, chuma kuliwa, vinatokea pozitivu. Alafu tunaongelea umeme wa DC tu, wa betri au sola. Ule wa ukutani na maji chumvi usivikutanishe hata kwa utani, unakufa kabla hujaona kemia yoyote.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu, Bagamoyo. Kitabu kinasema ukipitisha umeme kwenye maji ya chumvi unapata klorini. Sisi tulichota maji ya bahari kwenye glasi, tukaweka misumari miwili, tukaunga na betri ya volti 9. Msumari mmoja ulitoa mapovu mengi, mwingine hamna kitu, ila maji yakawa ya kijani kichafu alafu yakawa kahawia kama tope. Klorini hatukunusa. Na sodiamu imeenda wapi? Tumekosea nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hamjakosea, mmefanya jaribio lingine bila kujua, na mi naona ni zuri kuliko la kwenye kitabu.

Anza na kilichomo kwenye glasi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, humo kloridi ni kama gramu 19, sodiamu karibu 11, magnesiamu 1.3 hivi, kalsiamu 0.4, na bromidi kiduchu tu, miligramu kama 65. Zote ziko katika hali ya ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zinaelea. Umeme ukiingia unamtafuta aliye mwepesi, yaani negativu inatafuta nani apokee elektroni kirahisi na pozitivu inatafuta nani azitoe kirahisi, wingi peke yake hausaidii kitu.

Sasa pale negativu ioni za sodiamu zinasogea kweli, lakini kuifanya sodiamu iwe metali inataka nguvu kubwa mno kuliko kuyavunja maji yenyewe, kwaiyo wanaovunjika ni maji, haidrojeni inatoka, ndo hayo mapovu yenu, na inayobaki ni haidroksidi, maji ya karibu na msumari yanakuwa alikali, yaani kinyume cha asidi. Sodiamu inabaki ileile ioni yake, haijaenda popote. Humphry Davy alipoitoa sodiamu kwa mara ya kwanza London mwaka 1807 alipitisha umeme kwenye soda kali yenyewe, siyo iliyoyeyushwa ndani ya maji, na hata ungeipata kwenye glasi yenu ingekaa sekunde ngapi? Ingegusa maji ingelipuka ikarudi kuwa ioni.

Upande wa pozitivu kuna washindani watatu. Kuna kloridi, kuna maji, na kuna msumari wenyewe, huyu watu wanamsahau. Chuma kinatoa elektroni kirahisi kuliko hao wawili kwaiyo kikajitoa chenyewe, kikaingia majini kama ioni, kikakutana na haidroksidi iliyotoka upande wa pili, ndo ukijani mliouona, alafu oksijeni ya hewani ikaigeuza ikawa kahawia. Ni kutu tu hiyo, mmetengeneza kutu ya miezi kadhaa ndani ya dakika. Upimeni ule msumari utakuwa mwembamba.

Mkitaka klorini inabidi pozitivu pawe na kitu kisichojitoa. Chukueni kijiti cheusi cha kaboni kutoka ndani ya betri kuukuu ya tochi, zile za bei rahisi, siyo alikalaini, na msipasue za simu hata siku moja. Mnaweza kutumia penseli iliyochongwa pande mbili. Kitajichubua kidogo kidogo mtaona unga mweusi, lakini harufu ya Jik mtaipata. Kwa hesabu ya kwenye karatasi oksijeni ndo ilitakiwa itoke kabla ya klorini kwa sababu inahitaji volti ndogo zaidi, shida ya oksijeni ni kwamba mpaka itoke molekuli moja lazima molekuli mbili za maji zinyang'anywe elektroni nne hatua kwa hatua, klorini inataka mbili tu, kwaiyo inawahi. Kwenye maji ya bahari mara nyingi zinatoka zote mbili, na nani zaidi inategemea kijiti mnachotumia na kasi ya umeme.

Mkiweza ongezeni matone machache ya juisi ya rozela isiyo na sukari. Karibu na negativu itageuka kuelekea kijani kwa sababu ya alikali, pozitivu rangi itafutika kabisa maana klorini inapausha. Fanyieni nje au dirishani, msikusanye gesi za pande mbili kwenye chupa moja (haidrojeni na klorini zikichanganyika hata mwanga wa jua unatosha kuzilipua), na kijiko cha steinlesi msikiweke pozitivu. Wengi wanakipenda kwa kuwa kinang'aa. Kina kromiamu ndani, na ikitoka kwa umeme inaweza kuwa ile kromiamu ya manjano ambayo ni sumu ya saratani.

SWALI: Habari mwalimu. Mimi ni mama wa hapa Kilifi. Kijana wangu amesoma kwamba dawa ya kutibu maji ya kunywa inatengenezwa kwa chumvi na stima tu. Sisi bahari tunayo mlangoni na sola tunayo. Naeza nijitengenezee nisiwe nanunua?

JIBU: Mama yangu, kijana hajakudanganya. Ukiacha waya zote mbili kwenye chombo kimoja bila kizuizi katikati, klorini ya pozitivu inakutana na alikali ya negativu zinaungana zinakuwa sodiamu haipokloraiti, ndo hiyohiyo iliyomo kwenye Jik na WaterGuard, tofauti ni ukali. Viwanda vikubwa vinaweka utando katikati ili vitu visikutane, wanauza klorini peke yake, soda kali peke yake na haidrojeni peke yake. Zamani badala ya utando walitumia zebaki, njia ya Castner na Kellner ya mwaka 1892, na uchafu wa zebaki ya viwanda vile bado unasumbua nchi za watu mpaka leo.

Na umeme unaotakiwa ni kidogo, ampea 1 kwa saa moja inatoa klorini isiyozidi gramu 1.3. Inaonekana si kitu, lakini maji masafi ya kunywa yanatibiwa kwa kama miligramu 2 kwa lita, kwaiyo gramu hiyo na ushee ingetosha zaidi ya lita 600. Naona macho yanakutoka.

Sasa mbona nakukataza. Kwanza vyuma, vile vya kweli ni titani iliyopakwa oksaidi za ruteniamu na iridiamu, ukiweka kingine chochote ulichookota unawanywesha watoto metali. Pili huna cha kupimia ukali, ikiwa nyepesi kipindupindu kinapita, ikiwa kali unawaunguza matumbo. Tatu ndo kubwa kwa maji ya bahari yenyewe, ile bromidi kiduchu niliyomtajia mwanafunzi inaweza kugeuka bromati, na bromati Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha maikrogramu 10 tu kwa lita ya maji ya kunywa. Ndo maana zile mashine ndogo za vituo vya afya zinatumia chumvi safi iliyokorogwa kwenye maji baridi (yaani yasiyo ya chumvi), hazichoti baharini. Endelea kununua mama, au chemsha.

Na kwa kuwa nyumbani iko, Jik usiichanganye na siki wala ndimu wala ile dawa ya asidi ya choo. Asidi inairudisha kuwa gesi ya klorini hapohapo, na ile gesi ndo waliyopigana nayo Ypres, Ubelgiji, kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1915. Choo kidogo kisicho na dirisha kinatosha kukuangusha.

SWALI: Radi ikipiga baharini si ni umeme mwingi kuliko wote, kwa nini maji hayageuki sumu? (Msomaji, Kilwa)

JIBU: Radi ina volti na ampea za kutisha lakini inapita muda mfupi mno. Kwa kawaida inabeba kama kolombu 15 hadi 20 (kolombu ni kipimo cha jumla ya umeme uliopita), na kemia inahesabu kolombu. Chaja ya simu ya ampea 2 inapitisha kolombu 20 kwa sekunde 10. Klorini ya radi moja, tuseme yote iwe klorini, ni miligramu kama 7, na bahari yenyewe hata haijui. Wewe ukiwa unaogelea ni habari nyingine, toka.

SWALI: Mwalimu mambo. Mimi niko bandarini Mombasa. Kuna mtu wa meli aliniambia siku hizi maji ya balasti yanapigwa stima kabla hayajamwagwa ili wadudu wafe. Kwani stima inaua kila kitu ndani ya tangi? Si ingeua na mabaharia pia?

JIBU: Poa sana. Hapana, hawapigi tangi shoti. Kwa wasiojua, meli ikishusha mzigo inajaza maji ya bahari kwenye matangi ili itulie, alafu ikifika kupakia kwingine inayamwaga, na wale viumbe wote wadogo waliosafiri bure wanaingia bahari isiyo yao. Kuna kiumbe laini anayefanana na yavuyavu aliyetoka pwani za Marekani akaingia Bahari Nyeusi kwa njia hiyo miaka ya 1980, alikula vijidagaa na chakula chao mpaka uvuvi wa kule ukaporomoka. Ndo ukaja mkataba wa kimataifa wa maji ya balasti wa mwaka 2004, ulioanza kufanya kazi rasmi tarehe 8 Septemba 2017.

Meli nyingi zikachagua kitu kilekile nilichomkataza mama wa Kilifi, ila chenye vipimo. Maji yanapovutwa kuingia, sehemu yake inapitishwa kwenye seli zenye sahani za titani, inatokea haipokloraiti, inachanganywa na maji mengine ya tangi, vijidudu vinakufa kwa dawa, umeme wenyewe haufiki tangini. Na hapa kuna jambo ambalo hata mabaharia wengine hawalijui, ndani ya bahari klorini haidumu, ikitoka tu inaikuta bromidi inainyang'anya elektroni, kwaiyo baada ya muda mfupi sana anayeua ni bromini. Antoine Balard wa Montpellier aliigundua bromini mwaka 1826 hivyohivyo, alitia klorini kwenye maji makali yaliyobaki baada ya kutoa chumvi ya bahari, yakageuka rangi.

Kabla ya kumwaga, mashine inapima, ikikuta dawa imebaki inaongeza kemikali ya kuizima ndo maji yanaachiwa. Haidrojeni inatolewa kwa feni mpaka nje maana ikifika asilimia 4 tu ya hewa inashika moto. Na meli ikiingia bandari ya mtoni yenye maji baridi huo mtambo unakosa kloridi, inabidi iwe imebeba maji yake ya bahari kwenye tangi la akiba ya kulishia seli. Ukimwona chifu injinia anasumbuka kuulizia chumvi ya maji ya bandari fulani usimcheke.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni wa Pemba ila kazi yangu ni Maskati, kwenye kiwanda cha kutoa chumvi kwenye maji ya bahari. Tuna mtambo wa kutengeneza klorini kwa maji ya bahari ya kuingilia mabombani. Kila baada ya muda tunaufungua na kuuosha kwa asidi, ndani kuna ukoko mweupe mgumu. Ule ni chumvi?

JIBU: Waalaykum salaam. Si chumvi ya chakula, hiyo ingeyeyuka kwa maji tu. Mkumbuke mwanafunzi wetu, negativu inazalisha alikali, na magnesiamu ya baharini haivumilii alikali, ikizidi kiasi inaganda kuwa magnesiamu haidroksidi, laini laini nyeupe, na kalsiamu nayo inashikana na kabonati inakuwa chokaa ngumu. Vyote vinajibandika kwenye sahani za negativu, nafasi inaziba, maji yanapita kwa shida, sahani zinapata joto, bili ya umeme inapanda. Ndo maana maji yanasukumwa kwa kasi humo ndani, yafagie ukoko kabla haujashika. Hii ni karibu sehemu pekee ambapo negativu ndo msumbufu. Ila wewe unajua tayari, ama naomba uwe unajua, kwamba haipokloraiti yote inatolewa na kusuuzwa kabisa kabla asidi haijaingia. Sababu nimemwambia mama wa Kilifi hapo juu.

Huo weupe unaoukwangua kuna watu waliutafuta kwa fedha nyingi. Kampuni ya Dow kule Freeport, Texas, Januari 1941 ilitoa mche wa kwanza wa magnesiamu kutoka baharini, vita ilikuwa inataka metali nyepesi ya ndege. Wao hawakutumia umeme kuigandisha, waliokota makombe ya chaza wakayachoma yakawa chokaa, wakaitia kwenye maji ya bahari, weupe ukashuka chini. Wakauchuja, wakauweka asidi ya haidrokloriki ukawa magnesiamu kloridi, wakaukausha, wakauyeyusha kwenye joto la nyuzi kama 700, ndipo wakapitisha umeme. Pale hakuna maji tena, kwaiyo hakuna haidrojeni ya kuwahi mbele, magnesiamu ikatoka. Klorini iliyotoka upande wa pili wakairudisha kutengenezea asidi ileile. Kwa gramu 1.3 kwa lita unahitaji lita kama 770,000 za bahari upate tani moja, na kile kiwanda kiliendelea hivyo mpaka 1998.

SWALI: Mwalimu, nazamisha wageni huku Unguja. Kuna mgeni alituambia kuna nchi wanaweka vichanja vya chuma chini ya bahari, wanavitia umeme, matumbawe yanaota haraka. Ni kweli au alitaka tushangae tu?

JIBU: Kipo. Aliyekianzisha ni Wolf Hilbertz, alikuwa msanifu majengo, miaka ya 1970 alitaka kuota majengo kutoka baharini yaani uweke waya uondoke urudi ukute ukuta. Baadaye akaungana na Thomas Goreau mtu wa matumbawe, na kazi yao inayojulikana sana iko Pemuteran, Bali, ilianza mwaka 2000.

Kemia yake ni ukoko uleule wa ndugu yetu wa Maskati, huyu anaukwangua na hawa wanauomba uje. Kichanja cha chuma kinafanywa negativu, kwa hiyo kinavikwa chokaa na hakipati kutu maadamu umeme upo, na kipande cha titani kinawekwa kando kuwa pozitivu. Volti ni chache tu, mzamiaji anapita hasikii kitu. Ujanja wote uko kwenye kasi ya umeme, ukienda polepole inajenga chokaa ya kalsiamu ambayo ni ngumu kweli, ukiongeza kwa haraka yako unapata magnesiamu haidroksidi tupu, inamung'unyika mkononi.

Nikwambie ninavyoona mimi. Chokaa kujenga juu ya chuma hakuna ubishi, hata maabara ya skuli inaonyesha. Kwamba matumbawe yenyewe yanakua haraka zaidi kwa sababu ya umeme, hapo tafiti zimegawanyika, nyingine zinaona faida, nyingine hazioni tofauti na kichanja cha kawaida, na aina ya tumbawe nayo inachangia. Kabla ya kuomba ufadhili ulizeni kwanza waya wa kutoka ufukweni utalindwa na nani, maana nanga moja ya ngalawa inamaliza mradi, na shaba siku hizi ina wanunuzi wake. Vichanja vikikaa bila umeme chuma kinaanza kuoza chini ya chokaa.

SWALI: Kuna video inazunguka, jamaa anaendesha jenereta kwa maji ya bahari, anatia betri maji yanatoa gesi, gesi inaendesha jenereta, jenereta inachaji betri. Mbona serikali zetu zinanunua mafuta? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Fuata stima yenyewe ndugu yangu, achana na video. Kutoa kilo 1 ya haidrojeni kwa mitambo mizuri ya leo kunakula kama yuniti 50 za umeme. Ukiichoma hiyo kilo inakurudishia joto la yuniti kama 33. Injini ya kawaida inageuza kama theluthi ya joto kuwa nguvu, umebaki na kama 11. Umeweka 50 umetoa 11, hiyo betri itachajiwa na nini? Marekani kulikuwa na Stanley Meyer aliyekuwa akidai gari lake linatembea kwa maji, wawekezaji wawili wakamshitaki, mahakama ya Ohio mwaka 1996 ikaona ni ulaghai ikamwamuru awarudishie pesa yao.

Haidrojeni yenyewe ni biashara halali, ya kutengeneza mbolea na chuma, ukiwa na jua au upepo wa ziada. Na hata hapo kila wiki utasoma habari za wanasayansi wanaotafuta kuitoa moja kwa moja kwenye maji ya bahari bila kuyasafisha, wanapigana na klorini isitoke na ukoko usizibe. Sayansi nzuri, ila mimi naona wanatatua tatizo dogo. Kilo 1 ya haidrojeni inahitaji maji lita 9, na kutoa chumvi kwenye lita 1,000 kunakula yuniti 3 hadi 4. Kwa hizo lita 9 ni kama yuniti 0.03. Nani anahangaika na senti hizo wakati bili kuu ni yuniti 50?

SWALI: Kaka, mimi ni fundi boti Tanga. Kuna boti ya faiba ya mteja, zinki tunazofunga karibu na propela zilikuwa zinakaa miezi mingi. Tangu afungiwe pampu mpya ya umeme ya kutoa maji ngamani zinki inaisha ndani ya wiki chache, na propela imeanza kuwa na mabaka ya rangi ya waridi. Zinki za siku hizi ni feki?

JIBU: Huenda feki zipo, ila hapa mimi naishika pampu.

Zinki inafanya kazi kwa sababu inajitoa kirahisi kuliko shaba, ukizifunga pamoja majini zinki inaliwa na propela inapona, ni betri ndogo isiyofika hata volti moja. Hii habari ni ya zamani. Davy yuleyule wa sodiamu mwaka 1824 aliombwa na jeshi la maji la Uingereza atafute njia ya kuzuia mabati ya shaba chini ya meli yasiliwe, akafunga vipande vidogo vya zinki na chuma, shaba ikaacha kuliwa kabisa. Wakafurahi. Alafu meli zikarudi zimejaa majani na wale wadudu wa magamba, mwendo umekufa, kumbe ile shaba iliyokuwa ikiyeyuka kidogo kidogo ndo ilikuwa inawaua, umeizuia kuyeyuka umewakaribisha. Haikupita miaka mingi wakaachana nayo kwenye meli zao. Kwa propela ya mteja wako inafaa maana propela inazunguka, tena usiipake zinki rangi, ikipakwa haifanyi kitu.

Sasa betri ya boti ina volti 12. Ikitokea waya wa pozitivu wa pampu umechubuka au kiungo chake kimelala kwenye maji ya ngamani, umeme unapita kwenye maji kutafuta njia ya kurudi negativu, na chuma chochote utakachotokea kwenda baharini kinakuwa pozitivu, yaani kinaliwa kama msumari wa Bagamoyo. Msaidizi wa Davy, Michael Faraday, ndo alitupa hesabu yake miaka ya 1830, na kwa hesabu hiyo ampea 1 tu ikivuja usiku na mchana inakula zinki kama gramu 29 kwa siku, karibu kilo kwa mwezi. Zinki ikiisha inahamia propela. Yale mabaka ya waridi ni zinki iliyokuwa ndani ya ile shaba nyeupe imetoka, imebaki shaba nyekundu yenye vitobo kama sponji.

Zima kila kitu botini, toa waya wa pozitivu kwenye betri, weka mita yako katikati kwenye upande wa ampea, anzia ile kubwa. Inatakiwa isome sifuri. Ikisoma kitu chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke, na mi naanza na ya pampu na ile swichi yake ya kuelea. Viungo vyote vya ngamani vipandishe juu ya usawa wa maji, uvifunge kwa mpira wa kubana kwa joto, utepe wa kawaida chumvi inaupita. Ukishaziba funga zinki mpya. Propela itoe uining'inize uigonge kwa nyundo ndogo: ikilia wazi bado ina uhai, ikitoa sauti iliyokufa usimrudishie mteja, bawa moja la propela litabaki kwenye mwamba siku ya kwanza.